Kopo Moja kwa Siku

Mama Pilika hakuwa mtu wa kukaa. Hata akikaa, kulikuwa na kitu ndani yake kilichobaki kimesimama. Akinywa chai, jicho liko jikoni. Akiwa jikoni, sikio liko mlangoni. Akifika mlangoni anakumbuka kwamba hana hakika kama bomba la uani amelifunga, basi anarudi. Wapangaji wenzake wa uani ndio waliompa jina hilo kwa pilikapilika zake, nalo likamganda. Mume wake alikuwa mwokaji mikate, mtu wa kuondoka jioni na kurudi asubuhi akiwa mweupe wa unga hadi kwenye nyusi. Hata yeye alikuwa hamwiti jina jingine.

Kazi ya Mama Pilika ilikuwa kuosha vyombo katika mgahawa mkubwa karibu na kituo cha mabasi. Kazi ilimfaa. Vyombo haviishi, na mtu asiyejua kukaa anahitaji kitu kisichoisha. Kilichomuuma ni vile vilivyovunjika. Mgahawa wenye haraka huvunja vyombo kila siku, na vigae vyake hutupwa kwenye ndoo nyuma ya mlango, pamoja na mafuta na makombo yake: sahani nyeupe zenye mstari wa bluu, vikombe vya kijani, na mara mojamoja bakuli jekundu la supu. Mama Pilika aliitazama ndoo ile kwa huruma, kama mtu anayetazama nguo nzuri iliyochanika pindoni tu na mwenyewe ameshaitupa.

Basi mama mkwe wake akaja. Au tuseme aliletwa, maana kwa hiari yake asingekuja. Alikuwa ameishi shambani kwake na kuku wake maisha yote, mpaka kiharusi kilipompiga kikamlaza upande mmoja. Wanawe wawili wakakaa, wakajadiliana, wakakubaliana akae kwa mdogo, yaani kwa mwokaji mikate, kwa sababu kwake hakuna ngazi. Kaka mkubwa alikaa ghorofa ya nne. Wakampa chumba cha nyuma chenye dirisha kubwa, na kitanda kikawekwa kikielekea dirishani, kwa kuwa upande mwingine hakikuenea.

Dirisha lenyewe halikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa nje yake. Ng'ambo ya kijia chembamba cha uani ulisimama mgongo wa ghala, ukuta wa matofali ya saruji usiopigwa lipu wala rangi, mpana, mrefu, umeziba hata mbingu.

Siku ya tatu bibi akaita.

"Mkwe!"

"Abee, mama."

"Nimefungwa miaka mingapi?"

"Umefungwa wapi tena, mama?"

"Nauliza tu. Mtu akiamka ukuta, akilala ukuta. Hata mwizi husomewa kifungo chake."

Mama Pilika akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alimjua mama mkwe wake. Ulimi ule ulimchoma tangu siku ya kwanza alipoingia katika ukoo, na kwa miaka yote hiyo alikuwa amejifunza jambo moja: bibi akiwa mkali, ni mzima. Kilichomtia hofu ni kwamba baada ya siku chache ukali ulianza kupungua. Uji ulirudi bakuli nusu. Kisha bibi akaanza kulala amegeuza uso, hatazami dirishani wala mlangoni, anatazama shuka.

Halafu asubuhi moja, akipita na sufuria mkononi, Mama Pilika akamsikia anazungumza na mwanawe mkubwa kwa simu.

"Njoo unichukue, baba. La, hapana, wananitunza. Mdogo wako hana kosa. Mkewe naye hana kosa. Mimi nimechoshwa na ukuta tu."

Alisimama pale nyuma ya mlango mpaka sufuria ikamuunguza vidole. Alipajua kwa shemeji yake. Ghorofa ya nne, wote wanatoka alfajiri, mlango unafungwa kwa nje, wanarudi jioni. Mle ndani kuna televisheni, basi. Mche uking'olewa mara moja hunyauka kisha ukainuka. Ukiung'oa tena kabla haujashika, hapo umeua. Bibi atakufa mle mchana mmoja, peke yake, mtangazaji akiendelea kusoma habari. Na mama mkwe, pamoja na yote, ni kama figa. Linakuunguza kila siku, lakini liondoe uone kama chungu kitakaa.

"Shemeji anakuja lini?" alimuuliza mumewe.

"Akipata likizo."

"Atapata lini?"

"Wewe Mama Pilika, mimi ndiye bosi wake?"

Siku hiyo kazini aliitazama ile ndoo ya vigae kwa muda mrefu kuliko kawaida. Jioni akarudi nyumbani na mfuko uliokuwa ukigongana ndani kama meno ya mtu mwenye homa.

Chumba cha tatu pale uani alikaa fundi uashi mmoja ambaye watu walimwita Timazi, kwa sababu hakutoka nyumbani bila ile kamba yake yenye risasi ya kupimia kama ukuta umesimama sawa. Hata watu waliosimama aliwapima kwa macho. Mama Pilika alimkuta akinawa miguu.

"Fundi, vigae vya sahani vinaweza kushika kwenye mgongo wa ghala?"

"Vya sahani? Unataka kuliandalia ghala chakula?"

"Nijibu kwanza, utanicheka baadaye."

Timazi akaacha kunawa. Akamsikiliza. Kisha akaeleza: vigae vioshwe viwe safi kabisa, vilale majini usiku, ukuta unyunyiziwe maji asubuhi, saruji ipakwe nyembamba, kigae kikandamizwe, kifutwe kwa kitambaa kabla saruji haijakauka. Aanzie chini ili vya juu vipate pa kuegemea. Saruji angempa ile inayobaki mifukoni kazini kwake, aliyoiweka barazani. Akaingia ndani, akatoka na kopo tupu la maziwa.

"Kopo hili moja kwa siku. Usizidishe."

"Moja! Fundi, umeuona ukuta ule?"

"Ukuta nimeuona, na wewe nakuona. Saruji ikishachanganywa haimngoji mtu. Ukichanganya beseni utaanza kukimbizana nayo, na wewe, Mama Pilika, hata na chai unakimbizana. Kopo likiisha, osha mikono, nenda kazini."

Alilichukua kopo lile kama mtu aliyepewa adhabu.

Achore nini? Hapo hakuhangaika sana. Shambani bibi alikuwa na jogoo mmoja mkubwa mwenye maringo, aliyekuwa akizungukazunguka kukagua mashimo ya watu ya kupandia kama afisa wa kilimo, na kwa hiyo akaitwa Bwana Shamba. Jogoo yule aliwika wakati wowote alioona yeye kuwa unafaa. Siku Mama Pilika alipopelekwa kwa wakwe akiwa bibi harusi, Bwana Shamba alimfukuza mpaka kiatu kikamvuka, na bibi, badala ya kumfukuza jogoo, alicheka hadi akakaa chini. Mama Pilika hakuwahi kumsamehe ndege yule. Hata alipokufa kwa uzee, alisema pole kwa mdomo tu. Lakini alijua kwamba bibi alimlilia.

Basi asubuhi moja, kabla ya kwenda kazini, akachukua mkaa, akachora jogoo ukutani, mkubwa kuliko mtu, na mdogo kuliko alivyotaka. Akakoroga kopo lake. Akapanga vigae vinne, vitano, vya ukucha mmoja, na saruji ikaisha.

Ikaisha! Alilitazama kopo, akalikwangua kwa kijiko, akalitazama tena. Mikono yake ndiyo kwanza ilikuwa imepata moto. Nyuma yake, ndani ya dirisha, bibi alikuwa amelala amegeuza uso. Hakuwa ameona chochote, wala hapakuwa na kitu cha kuona.

Ndivyo siku zilivyokwenda. Ukucha. Ukucha mwingine. Kidole. Kila asubuhi mkwaruzo wa kijiko ndani ya kopo, maji yakinyunyizwa ukutani, kitambaa kikifuta, kisha Mama Pilika mbio langoni, harudi nyuma ila kuangalia bomba. Kazini vidole vyake havikutulia. Alipanga sahani safi kwenye rafu akizipanga manyoya. Alihitaji nyekundu kwa ajili ya kishungi, na nyekundu ilikuwa ya mabakuli ya supu, na mabakuli ya supu, kwa bahati mbaya, yalikuwa magumu.

"Mama," msimamizi wa jikoni akamwambia siku moja, "mbona unalitazama bakuli langu kama paka aliyeona samaki?"

"Nalitazama kama limetakata."

"Limetakata. Liweke chini."

Na siku mhudumu mmoja alipojikwaa na kumwaga mabakuli matatu sakafuni, jikoni nzima ikasema "Pole!", naye Mama Pilika, bila kufikiri, akaitikia "Ahsante."

Miguu ilipokaribia kwisha, sauti ikatoka dirishani.

"Mkwe. Nini hicho? Uma?"

Mama Pilika aligeuka kwa ghafla karibu aangushe kopo. Bibi alikuwa amegeuza kichwa, jicho moja limefunguka zaidi ya jingine.

"Ni mguu, mama."

"Wa nani? Wa mbuni?"

"Subiri utamwona."

"Nisubiri! Kwani nina miadi?"

Tangu siku ile hakufanya kazi peke yake tena. Bibi alisimamia akiwa kitandani. Paja lilipotokea akasema ni nene mno. Tumbo lilipojaa akanyamaza, na kunyamaza kwake kulimkosesha Mama Pilika raha siku nzima. Mkia ulipoanza kupinda, wa kijani na bluu, bibi akaguna.

"Mkia wa Bwana Shamba haukuwa hivyo."

Kwa hiyo alikuwa amemtambua. Mama Pilika akajifuta jasho kwa kiwiko.

"Ulikuwaje?"

"Ulikuwa na unyoya mmoja umevunjika, unaning'inia upande. Alipigana na bata mzinga."

"Alishinda?"

"Alishindwa. Lakini alirudi nyumbani akiwika kama aliyeshinda. Kama baba mkwe wako, Mungu amrehemu."

Kesho yake Mama Pilika akaweka unyoya unaoning'inia. Uji siku hiyo ulirudi bakuli tupu. Aliliona bakuli. Aliligeuza, akachungulia chini ya kitanda asije bibi akawa amemwaga. Hakuamini. Watu wa aina yake hawaamini bakuli tupu. Yeye aliona kilichobaki tu: shingo haipo, kichwa hakipo, na shemeji siku yoyote anaweza kupata likizo. Usiku alilala akipanga vigae kwenye dari. Mumewe akirudi alfajiri humkuta ameshaamka, amekaa ukingoni mwa kitanda na kopo mapajani.

"Nikoroge mawili leo," akajaribu kumwambia Timazi. "Mawili tu."

"Ukuta unakimbia?"

"Ukuta haukimbii. Mtu ndiye anayeondoka."

Timazi akatikisa kichwa. "Moja."

Halafu simu ikaja. Shemeji amepata likizo, amepata na gari la kuazima, anakuja Jumamosi kumchukua mama. Ilikuwa Jumatano jioni.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Timazi alikuwa kazini, mumewe amelala, binti yao mdogo yuko shule. Mama Pilika akasimama uani akautazama ukuta. Jogoo mzima, mwenye mkia wa fahari na miguu ya askari, na juu ya mabega hakuna kitu. Akamtazama bibi dirishani. Bibi alikuwa amesinzia baada ya uji. Akalitazama kopo.

Akaenda akachukua beseni.

Alimimina saruji yote iliyokuwa barazani. Akakoroga kwa mwiko mkubwa wa jikoni, maji yakimrukia miguuni. Vigae vilivyolala majini vilikuwa vichache, vilikwisha hata kabla shingo haijapinda. Mfuko mpya aliouleta jana yake kutoka kwenye ndoo ya mgahawa ulikuwa pale, umefungwa, ndani yake vigae vyekundu alivyovingoja kwa siku nyingi. Kuviosha? Kwa wakati upi? Saruji ilikuwa inaanza kukaza upande mmoja wa beseni, na jua limeshapanda juu ya ghala. Alifungua mfuko akachota kwa viganja. Shingo, shavu, mdomo, kishungi kirefu chenye meno. Alikandamiza, akafuta, akakandamiza. Vidole vikachanjwa, hakuhisi. Nafasi ya jicho tu ndiyo aliyoiacha. Jicho alikuwa amelihifadhi tangu mwanzo kwenye kikombe: kishikio cha kifuniko cha birika la kahawia, kidogo, cha mviringo, kinachong'aa. Hicho alitaka kukiweka mwisho, Jumamosi asubuhi, mbele ya watu.

Binti yake aliporudi kutoka shule alisimama langoni, mkoba begani.

"Mama! Kimeshakuwa na kichwa!"

"Si kimeshakuwa. Ameshakuwa. Huyu ni mtu mzima."

"Leo atawika!"

Mama Pilika akakaa. Alikaa kweli, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani, kwa muda ambao binti yake baadaye alisema hajawahi kuuona. Bibi aliamka, akatazama. Akageuza uso akalala.

"Amechoka," Mama Pilika akajiambia. Lakini uji wa jioni ulirudi nusu.

Ijumaa asubuhi walikuwa wanakunywa chai wakati kitu kiliposema kacha, nje. Wakatazamana. Kacha tena. Kisha mvumo kama wa sahani zikimiminwa, na baada yake kimya. Sauti ya bibi ikapaa kutoka chumba cha nyuma, na ilikuwa na nguvu ambayo haikuwa nayo tangu kiharusi.

"Mkwe! Njoo uone! Amechinjwa!"

Kichwa chote kilikuwa chini. Kishungi, mdomo, shavu na shingo, vimelala kwenye kijia kama mabaki ya harusi ya walevi. Ukutani, juu ya mabega ya Bwana Shamba, ilibaki saruji tupu yenye alama za vigae, laini kama iliyolambwa.

Timazi akaja akiwa na mswaki mdomoni. Akaokota kigae chekundu, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa. Akatoa mswaki.

"Mchuzi," akasema.

Mama Pilika akafuta mikono kwenye nguo yake.

"Mama Pilika, kwa hisani yako, kazi yako ni nini?"

"Naosha vyombo."

"Haya," akasema Timazi, akarudisha mswaki mdomoni, akaondoka mabega yakimtikisika.

Hakukupita muda uani pote pakajua. Muosha vyombo wa mgahawa mkubwa ameuandalia ukuta sahani chafu, na ukuta umekataa kula. Binti yake alicheka mpaka akashika nguzo. Mama Pilika naye akacheka, kwa sababu jambo lilikuwa la kucheka, kisha akajiona uso umelowa na hakujua kicheko kiliishia wapi. Miaka yote mikono yake imeosha vyombo vya watu asiowajua, kijiko kwa kijiko. Vigae vya mama mkwe wake ndivyo alivyoona havina haja ya maji.

Timazi alirudi na kopo limejaa saruji hadi ukingoni. Sijui aliitoa wapi.

"Kopo moja," akasema, safari hii kwa upole.

"Fundi, kesho shemeji anakuja. Kopo moja litafanya nini?"

"Litafanya shingo."

"Jogoo wa shingo tupu!"

"Kuliko asiye nayo."

Akapiga magoti kijiani. Akaokota vigae, akavibandua saruji, akaviosha kwa sabuni na majivu, kimoja kimoja, akivitazama kwenye mwanga kama anavyotazama glasi. Akapanga shingo. Kopo likaisha. Akaosha mikono, akaenda kazini akiwa amechelewa.

Jumamosi shemeji akaja, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Alikuwa mtu mwema na mwenye sauti kubwa. Binti akampokea, "Shikamoo, baba mkubwa," akamletea chai. Mfuko wa bibi ulikuwa tayari mlangoni. Mama Pilika ndiye aliyeufunga, asubuhi ile ile, kwa mikono iliyokuwa inafungua kila fundo ilifungalo.

Shemeji akaingia chumba cha nyuma, akachungulia dirishani.

"Shemeji, hiki nini?"

"Jogoo."

"Kichwa kiko wapi?"

"Kilianguka."

"Kilianguka!" Akacheka hadi kikombe kikacheza kwenye kisahani. "Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Huyu hata mdomo wa kuwikia hana. Haya mama, twende, gari liko nje. Kwangu kuna televisheni, utaona majogoo wa dunia nzima, wenye vichwa vyao."

"Wananijua?" bibi akauliza.

"Nani?"

"Hao majogoo wako."

"Mama, watakujuaje?"

"Basi."

Shemeji akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa ameegemea mlango na unga wake kichwani. Mdogo akainua mabega.

"Mama, si wewe uliyenipigia simu? Ulisema umechoshwa na ukuta."

"Nilisema."

"Sasa?"

"Wakati ule ulikuwa ukuta."

"Na sasa ni nini? Bado ni ukuta, mama. Na huyo jogoo hajaisha."

"Ndiyo nakuambia. Hajaisha. Kesho anawekewa mdomo, niko garini?" Bibi akavuta pumzi. Maneno marefu yalikuwa bado yanamchosha. "Naamka nasema, leo huyu ataweka nini. Akiweka, namlaumu. Mchana nafikiria kesho nimlaumu kwa lipi. Juzi akaweka kichwa chote kwa mpigo, kama anayefunga duka. Nikalala. Nikajua kesho hakuna kitu." Akageuza jicho lake lililo wazi zaidi, akamtazama Mama Pilika. "Kilipoanguka nilifurahi. Usinune."

Mama Pilika alisimama na birika mkononi. Alitaka kununa, alitaka kumbusu bibi kwenye paji la uso, na alitaka kwenda kuangalia kama bomba limefungwa. Akamimina chai kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa.

"Basi mkimaliza, mniambie nije," akasema shemeji, akikwepa chai iliyofurika, na sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa. Kabla ya kuondoka alitoka kijiani, akasimama mbele ya ukuta, akaugusa ule unyoya unaoning'inia.

"Bata mzinga," akasema peke yake. Wakati ule alikuwa bado anaishi shambani. Alikuwepo.

Jumapili asubuhi Mama Pilika alitoka na kopo, maji na kitambaa. Usiku hakulala vizuri. Furaha ilimkalia kidogo tu, kisha wasiwasi ukairudia nafasi yake: na jogoo akiisha? Akipata kishungi, akipata jicho, bibi akaamka asubuhi kila kitu kiko mahali pake, itakuwaje? Shemeji ana gari. Kwa hiyo mtu yule yule ambaye wiki nzima alitaka kumaliza sasa alikuwa anaogopa kumaliza, na mikono yake haikujua ifuate amri ipi. Akakichukua kile kishikio cha birika kutoka kwenye kikombe. Angalau aone jicho litakavyokaa.

"Jicho la nini leo?" sauti ya dirishani. "Hana mdomo, unampa jicho! Aone njaa yake?"

Akakirudisha kikombeni.

Akapanga mdomo, vigae vitatu vya njano, safi, vimelala majini usiku kucha. Akafuta. Kopo likaisha.

"Mama," akasema bila kugeuka, "akishakamilika huyu?"

"Ukuta umekwisha?"

Mama Pilika akautazama. Kushoto kwa Bwana Shamba ukuta ulikwenda mpaka kona, mtupu. Kulia ulikwenda mbali zaidi.

"Bado, mama."

"Basi. Bwana Shamba hakuwa mseja. Alikuwa na majike kumi na kitu, na mmoja alikuwa mwizi wa mayai."

Mama Pilika akaosha mikono, akavaa viatu, akaondoka. Alifika langoni. Akasimama. Vigae vya kesho vilikuwa ndani ya beseni, na beseni, je, alilifunika? Akageuka, akaanza kurudi kwa haraka.

"Umelifunika!" bibi akapaza sauti kutoka dirishani. "Na bomba nimeliona, limefungwa. Nenda kazini!"